Upangiaji wa Safari: Dereva Yupi kwa Abiria Yupi?

Abiria akibonyeza kitufe cha kuita teksi, iwe Dar es Salaam au Nairobi, uamuzi mmoja hufanyika kabla gari halijasogea: dereva yupi amfuate abiria yupi. Kwa Kiingereza kazi hiyo huitwa "dispatch". Kwa Kiswahili tunaitaja kila mtu kwa namna yake: utumaji, usambazaji, ugawaji wa teksi. Napendekeza tuiite upangiaji wa safari, kwa sababu jina hili linataja kiini cha kazi yenyewe, na kiini hicho ndicho kinachohitaji kuboreshwa.

Utumaji ulitosha zama za redio. Mhudumu ofisini alipokea simu, akatangaza mahali abiria alipo, na dereva aliyewahi kuitikia akatumwa. Siku hizi kutuma ni kazi nyepesi, ujumbe unafika papo hapo. Usambazaji nao unafaa kwa bidhaa zinazotoka ghalani kwenda madukani, na teksi hazitoki ghalani. Neno kupangia tayari tunalitumia kwa jambo la aina hii hii. Mwanafunzi hupangiwa shule, mwalimu mpya hupangiwa kituo cha kazi, mwamuzi hupangiwa mechi. Kote huko watu ni wengi na nafasi ni nyingi, na ukimpa huyu nafasi hii, yule itabidi aende kwingine. Tena, kupanga safari mtu anaweza peke yake, lakini kupangia kunadai atajwe anayepangiwa.

Jina hili linatuunganisha pia na hisabati. Lipo tatizo maarufu la kuwagawia watu kazi, mmoja kwa moja, ili gharama ya jumla iwe ndogo kabisa. Kwa Kiswahili linafaa kuitwa tatizo la upangiaji. Mwaka 1955 Mmarekani Harold Kuhn alichapisha njia ya kulitatua, akaiita mbinu ya Kihungaria kwa heshima ya wanahisabati wawili wa Hungaria, Dénes Kőnig na Jenő Egerváry, ambao kazi zao ndizo alizojengea. Njia ya namna hiyo inahitajika kweli. Madereva 10 na abiria 10 tu wanaweza kuoanishwa kwa namna 3,628,800, na hakuna mhudumu wa redio awezaye kuzipitia zote.

Tuchukue mfano wa Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, siku isiyo na foleni. Dereva wa kwanza yuko Bamaga: dakika 3 kufika Mwenge, dakika 4 kurudi Makumbusho. Wa pili yuko Lugalo: dakika 4 kufika Mwenge, dakika 11 kufika Makumbusho. Abiria wa Mwenge anaita. Kanuni ya aliye karibu inampa dereva wa Bamaga. Sekunde chache baadaye anaita abiria wa Makumbusho, na aliyebaki ni dereva wa Lugalo. Abiria hao wawili watasubiri jumla ya dakika 14. Mfumo ungevuta subira kidogo ukawatazama wote kwa pamoja, ungempeleka wa Lugalo Mwenge na wa Bamaga Makumbusho, na jumla ingekuwa dakika 8. Abiria wa Mwenge angepoteza dakika moja, mwenzake angeokoa saba.

Hapo tunapata istilahi mbili pacha: upangiaji wa papo, unaomhudumia kila abiria pale pale anapoita, na upangiaji wa pamoja, unaokusanya maombi ya sekunde kadhaa na kuyapangia kwa mkupuo. Faida ya kutazama safari zote kwa pamoja imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT na wenzao walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa safari za teksi za New York. Walionyesha kwamba safari zikiunganishwa vizuri, gari likimaliza hii likaingia ile, mahitaji yale yale yangehudumiwa kwa teksi pungufu kwa takriban asilimia 30.

Upangiaji mzuri unadai pia tafsiri sahihi ya neno karibu. Teksi iliyoegeshwa Kivukoni iko ng'ambo tu ya abiria aliyesimama Kigamboni, lakini kati yao kuna maji. Dereva atapanga foleni ya pantoni au atazunguka hadi Daraja la Nyerere kule Kurasini. Mfumo unaopima mita kwa mstari ulionyooka utampa abiria huyo gari lisilofika upesi. Kipimo kiwe dakika za barabarani, kwa hali ya saa ile ile.

Kuna hatari nyingine saa za mvua na jioni, teksi zinapokuwa haba. Mfumo unaopangia kila ombi bila mpaka humtuma dereva mbali, akaendesha gari tupu muda mrefu. Wakati huo hahesabiki kuwa huru, hivyo teksi huru zinazidi kupungua, na ombi linalofuata linapelekwa mbali zaidi. Dawa mojawapo ni kuweka kikomo cha umbali wa kumfuata abiria.

Nimeacha haki mwisho kwa sababu ndiyo inayonigusa zaidi. Kwenye kijiwe cha teksi kanuni inajulikana: ni zamu, aliyetangulia kufika ndiye anayebeba kwanza. Kanuni hiyo haijali abiria aliye mbali, lakini dereva anaiona na anaweza kuitetea. Kwenye simu, kanuni imefichika. Ndiyo maana dereva akishapangiwa hupiga: "Bosi, unaelekea wapi?" Akisikia safari fupi yenye foleni, ambayo hailipi mafuta wala hesabu ya mwenye gari, anaghairi, na abiria anaanza upya. Tunamlaumu dereva haraka mno. Mara nyingi kughairi kwake ni dalili kwamba aliyepangia alihesabu dakika za abiria akasahau gharama za dereva.

Kwa hiyo wahandisi wetu wanaounda programu za usafiri, na mamlaka zinazotoa leseni na kusimamia nauli, wana maswali ya kujibu ambayo neno utumaji lisingeyaibua. Nani anapangiwa nini? Kwa kipimo gani? Dereva anaonyeshwa nini kabla ya kukubali? Anayetuma huulizwa tu kama ujumbe umefika. Anayepangia watu riziki na muda wao hana budi kueleza kanuni yake, na kanuni hiyo iandikwe kwa Kiswahili ambacho dereva na abiria wote wanaweza kukisoma.