Bohari ya Vitabu: Jengo la Nje ya Maktaba na Jina Lake

Maktaba inayopokea vitabu kila siku bila kutupa hata kimoja, siku moja itajaa tu. Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, ilijaa zamani. Mwaka 1610 Thomas Bodley aliafikiana na chama cha wachapaji wa London kwamba kila kitabu watakachochapa, nakala moja iende Oxford. Makubaliano yale baadaye yakawa sheria, na vitabu havijaacha kumiminika. Vikashindiliwa katika vyumba vya chini ya ardhi, vikapelekwa nje ya mji, vingine vikaishia katika mgodi wa chumvi huko Cheshire. Hatimaye, mwaka 2010, chuo kikafungua jengo kando ya mji wa Swindon, karibu kilomita 45 kutoka Oxford. Liligharimu pauni milioni 26, na rafu zake ukizilaza mstari mmoja zinafika kilomita 246.

Jengo la namna hiyo tuliiteje?

Jibu la haraka ni stoo. Lakini katika ofisi zetu stoo ni mahali pa viti vilivyovunjika miguu na mafaili ambayo hakuna anayethubutu kuyachoma. Mhandisi akiambiwa achore stoo, atachora kuta nne, bati na kufuli, na hatakuwa amekosea. Msomaji naye akijibiwa kwamba kitabu chake kiko stoo, huaga akaenda zake. Ghala lina heshima zaidi, ila ghala ni la mahindi: gunia lolote hufaa kama jingine, na likishatoka halitarajiwi kurudi. Hifadhi nalo ni neno zuri, tatizo limeshabeba mengi mno, tangu simba wa Serengeti hadi mafuta ya akiba, na isitoshe kuhifadhi ni kazi ya maktaba nzima, si ya jengo moja.

Mimi nachagua bohari. Mtanzania akilisikia neno hili hukumbuka Bohari ya Dawa, mahali ambapo kila katoni ina namba na tarehe, joto linapimwa, na kazi haihesabiwi kuwa imefanyika mpaka dawa ifike zahanati. Kweli, dawa ikinywewa hairudi. Lakini zipo pia bohari za vifaa, ambako chombo hutoka kwa saini na kurudi kwa saini, na hapo ndipo kitabu kinapofanana nacho. Basi iwe bohari ya vitabu, au kwa ukamilifu, bohari ya nje ya maktaba. Hilo “nje” lisiachwe, kwa sababu umbali ndio unaozaa nusu ya kazi: gari, dereva, ratiba, na mtu wa kupokea upande wa pili.

Istilahi ya pili inayokwenda na hiyo ni upangaji kwa kimo. Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua bohari yake Southborough, Massachusetts, mwaka 1986, na utaratibu wake ukaigwa kwingi. Kitabu kikifika hufutwa vumbi, kisha hupimwa urefu na upana. Hakuna anayeuliza kinahusu nini. Huwekwa katika trei ya vitabu vya kimo chake, na msimbopau wa kitabu husomwa pamoja na wa trei, halafu wa trei pamoja na wa rafu. Hivyo diwani ya mashairi huweza kukaa ubavuni mwa mwongozo wa upasuaji na ripoti ya reli, maadamu vyote vina kimo kimoja. Rafu hupandana mpaka mita tisa hivi, na mfanyakazi huinuliwa na mashine akiwa amefungwa mkanda wa usalama. Kwa kuwa hakuna nafasi inayobaki tupu juu ya vitabu vifupi, eneo lile lile la sakafu hubeba vitabu vingi kupita kiasi ambacho maktaba ya kawaida ingeota.

Gharama yake ni kwamba hakuna tena kutembea kati ya rafu na kukutana na kitabu ambacho hukukijua. Wanaopanga majengo haya huipita gharama hii haraka mno, kwa maoni yangu. Kila kinachokwenda boharini kitaonekana kwa njia ya katalogi peke yake. Kama katalogi imekosea herufi moja ya jina la mwandishi, kitabu kimepotea kikiwa mahali pake. Ndiyo maana usafi wa katalogi unapaswa kuingia katika bajeti ya ujenzi, pamoja na saruji na nondo. Vivyo hivyo kuchagua kinachohama: rekodi za kuazima pekee hazitoshi, kwa kuwa kamusi inayofunguliwa pale pale mezani kila siku haiandikwi popote.

Kiwanja nacho kina kauli yake. Kabla ya Swindon, Oxford walitaka kujenga Osney Mead, karibu na mjini, wakakataliwa. Bonde lile lina hatari ya mafuriko, na jengo lingeharibu mandhari ya minara ya mji. Ndani ya jengo, adui ni joto, unyevu na moto. Harvard waliweka nyuzijoto 10 na unyevu wa asilimia 35, kwani karatasi yenye asidi huchakaa polepole zaidi penye ubaridi na ukavu. Maktaba ya Uingereza, katika jengo lake la Boston Spa lililofunguliwa mwaka 2009, ilipunguza oksijeni hewani mpaka moto usiweze kushika, na kazi ya kutoa trei ikaachiwa mitambo.

Dar es Salaam haihitaji kuiga yote hayo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu, iliyozinduliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa ajili ya vitabu 800,000, kwa hiyo bado kuna muda wa kufikiri. Ila unyevu wa pwani hausubiri, na bohari inayotegemea viyoyozi tu itaota kuvu umeme ukikatika kwa wiki. Kuta nene, kivuli, na kiwanja cha bara penye hewa kavu kama Dodoma vinaweza kuwa rahisi kuliko mtambo wowote, ingawa hapo gari litakuwa na safari ndefu na kurasa nyingi itabidi zitumwe kwa skani.

Kwenye katalogi, mbele ya jina la kitabu, maneno yatakayoandikwa ni mafupi: “Kipo boharini. Agiza.” Na pembeni yake siku kitakapofika, kwa sababu msomaji atauliza hilo kabla ya jingine lolote.