Nyerere, Julius K.: usuluhishi wa mgogoro wa Burundi

Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), mzaliwa wa Butiama, mashariki mwa Ziwa Viktoria, na Rais wa kwanza wa Tanzania, alitumia miaka yake ya mwisho kuwapatanisha Warundi. Kazi hiyo aliianzia Mwanza mwaka 1996, akaiendeleza Arusha hadi mauti yalipomkuta.

Chanzo
Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni 1993, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Mauaji ya kikabila yakafuata, na malaki ya watu wakaikimbia nchi. Tanzania, iliyokuwa ikiwahifadhi wakimbizi wa Burundi tangu 1972, ikapokea wengine tena.

Mazungumzo ya Mwanza
Aprili 1996 Nyerere aliwakutanisha Mwanza wajumbe wa FRODEBU, chama cha Ndadaye chenye wafuasi wengi Wahutu, na UPRONA, chenye wafuasi wengi Watutsi. Waliporudi Juni, mji ulikuwa bado na msiba wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei ikielekea Mwanza na kuua mamia ya abiria. Duru zote mbili ziliisha bila mapatano. Wenye bunduki, yaani jeshi na waasi, hawakuwa mezani. Tarehe 25 Julai jeshi lilimpindua Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumweka Meja Pierre Buyoya. Nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999.

Arusha
Mazungumzo yalipoanza upya Juni 1998, meza ilikuwa pana zaidi: serikali, bunge, vyama vikubwa na vidogo. Jaji Mark Bomani, Mwanasheria Mkuu wa zamani, alikuwa msaidizi mkuu wa Nyerere. Kazi iligawanywa kwa kamati, na kamati ya kwanza ilipewa jambo zito kuliko yote: kuchunguza asili ya mgogoro wenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Warundi walitakiwa kuyataja mauaji na ubaguzi kwa majina yake kabla ya kugawana vyeo. Kamati ya amani na usalama ilishughulikia jeshi. Mkataba wa amani ukaja kuamua kwamba kabila lolote lisizidi asilimia 50 ya askari, ili raia asiogope tena sare ya nchi yake.

Kasoro moja ilibaki. Wapiganaji wa kundi la waasi la CNDD-FDD waliojitenga na kiongozi wao, Léonard Nyangoma, hawakukaribishwa, nao wakaendelea kupigana.

Baada yake
Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Nelson Mandela alipokea kijiti, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, ukiwa na pande 19. CNDD-FDD ilikubali amani mwaka 2003. Septemba 2006, miaka 10 baada ya Mwanza, Palipehutu-FNL, kundi jingine la waasi, nayo ilitia saini makubaliano ya kusitisha vita jijini Dar es Salaam. Hatimaye wenye bunduki wote wakuu walikuwa wamefika mezani.