Kinga bila breki

Huko Marekani na Ulaya kuna vijana wanaocheza na baiskeli ambayo pedali hazipumziki: tairi la nyuma likizunguka, na miguu inazunguka. Breki hakuna. Kusimama ni kukaza miguu. Hapa Lobule, Koboko, watoto wetu pia hawana breki. Wanakanyagia tairi kwa ndala, vumbi linaruka, wenzao wanashangilia. Wengine wakiwaona wanasema, "Hao wahuni."

Ngoja niwaambie kitu. Baiskeli ndiyo ilizaa boda boda, kule Busia miaka ya 1960, kwa kuvusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Huku kwetu nako, Amin alipoangushwa 1979, watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan. Yaani kabla sisi hatujawa wakimbizi kwao, wao walikuwa wakimbizi kwetu. Waliporudi miaka ya 1980, mashamba yalikuwa pori, kazi hakuna. Vijana wakaanza kuvusha mafuta kutoka Zaire, wanauza kwa madumu kando ya barabara za Arua. Watu wakawaita OPEC Boys. Nao waliitwa wahuni, lakini nyumbani watoto walikula.

Mimi nilivuka mpaka nikisukuma kinga ya baba, juu yake gunia na mdogo wangu. Tuliiuza mwaka uliofuata, tukanunua dawa. Kwa hiyo nikimwona mtoto anainua tairi la mbele pale bombani, simfukuzi. Namuuliza tu: mnyororo umeupaka mafuta?