Bessie Smith: Malkia wa blues aliyelala miaka 32 bila jiwe kaburini
BESSIE Smith, mwimbaji mashuhuri wa blues, alizaliwa Chattanooga, Tennessee, nchini Marekani. Akiwa yatima, aliimba barabarani kutafuta riziki huku nduguye Andrew akipiga gita.

Mwaka wa 1923 kampuni ya Columbia ilitoa 'Downhearted Blues', santuri iliyouzwa kwa mamia ya maelfu. Sauti yake iliwafunza wengi, wakiwemo Billie Holiday na Mahalia Jackson.

Alifariki Septemba 26, 1937 baada ya ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi. Maelfu walihudhuria mazishi yake, lakini kaburi lilikosa hata jiwe la jina.

Hatimaye, mnamo 1970, mwanamuziki Janis Joplin alishirikiana na Juanita Green, aliyewahi kumfanyia marehemu kazi za nyumbani utotoni, kuligharamia.