iPhone, Android na Kitochi: Jinsi Mjini Walivyochagua Simu, Toka Enzi za Kubipu Mpaka Macho Matatu

Panda pantoni pale Kivukoni saa 12 jioni, watu wa Posta wanarudi Kigamboni, halafu angalia mikono tu. Huyu ana Tecno iliyopasuka kioo kwenye kona. Yule ana Samsung ya mkopo. Dada wa pembeni ana iPhone macho matatu, kaigeuza mgongo juu ili lile tunda lililong'atwa lionekane vizuri. Mara simu inaita. Dada huyohuyo anafungua pochi, anatoa kitochi, anapokea. Simu ya milioni haijaguswa.

Hapo ndipo ubishi wa iPhone na Android wa Dar unapoachana na ule wa Marekani. Kule vijana wanatengana kwa rangi ya meseji: ya bluu inatoka iPhone kwenda iPhone, ya kijani inakwenda Android, na mwenye kijani anaonekana mshamba. Hapa hakuna anayejali, maana mji mzima upo WhatsApp na WhatsApp inaingia kwenye simu zote mbili. Ubishi wa hapa una historia yake. Ukiifuatilia unagundua kwamba watu wa mjini hawakuwahi kuchagua simu kwa sababu ya mfumo uliomo ndani. Waliangalia wataongea na nani, hela itapita wapi, na nani atawaona.

Enzi za Nokia na laini kwenye kikaratasi

Katikati ya miaka ya 1990, zama za Mobitel na Tritel, simu ya mkononi ilikuwa kitu cha mabosi. Mambo yalianza kulegea Vodacom walipoingia Agosti 2000 na Celtel wakafuata 2001. Vocha zikashuka bei, kubipu kukawa lugha, na Kariakoo ikaanza kujaa vioo vya maduka vilivyopangwa simu badala ya viatu.

Mfalme alikuwa Nokia. Ile 3310 ya mwaka 2000 ilianguka ghorofani ikaokotwa nzima, au ndivyo ilivyosimuliwa. Iliyoweka alama zaidi ni 1100 ya mwaka 2003. Nokia waliuza zaidi ya milioni 250 za aina hiyo dunia nzima, na Dar ilipendwa kwa sababu moja ya maana sana: ilikuwa na tochi. Mgao wa umeme wa 2006 ulipopiga, simu inayokaa na chaji siku nne na inayokuonyesha njia ya chooni usiku haikuhitaji tangazo. Jina kitochi lilitoka hapo, na mpaka leo ndilo jina la simu yoyote ndogo ya vibonye.

Lakini Nokia alikuwa na kasoro moja. Alibeba laini moja.

Kijana wa leo mwenye bando la mitandao yote hawezi kuelewa vizuri. Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa kunauma. Bosi yupo Voda, mpenzi yupo Tigo kwa ajili ya ofa za usiku, mama kijijini anashika Celtel peke yake. Matokeo yake mtu alikuwa na laini tatu na simu moja. Laini zinakunjwa kwenye kikaratasi, zinakaa kwenye waleti, na kila jioni mfuniko unafunguliwa, betri inatoka, laini inabadilishwa. Mapenzi mengi yalivunjika kwa sababu mtu alikuwa "hapatikani" kumbe laini yake ipo mfukoni.

Mchina aliyesikiliza

Mwaka 2006 ilianzishwa kampuni huko China, makao yake Shenzhen, inayoitwa Transsion. Nyumbani kwao haikuhangaika kuuza. Iliangalia Afrika, ikaona watu wanabadilisha laini kama soksi, ikaleta simu ya laini mbili kwa bei ya kawaida. Chapa yake ilikuwa Tecno. Baadaye wakaja itel na Infinix, ndugu wa tumbo moja.

Mwanzoni watu waliwacheka. "Simu ya Mchina" lilikuwa tusi. Soko lilikuwa limejaa Wachina wa kila aina, wenye spika za kutikisa daladala na antena ya kuvuta televisheni, na wengi walikufa kabla ya mwaka. Tecno hakufa. Alikaa na chaji, akabeba laini mbili, na zilipokuja simu za kamera akafanya kitu ambacho wakubwa hawakukitilia maanani: kamera yake ilipangwa kumsoma mtu mweusi. Ukipiga picha kwenye ukumbi wenye taa hafifu hutoki meno na macho tu. Septemba 2019 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la Shanghai, ikiwa tajiri kwa kuuza simu ambazo Wachina wengi wenyewe hawazijui.

Hela ilikataa kuchagua upande

Aprili 2008 Vodacom walileta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Kitu ambacho watu hawakitilii uzito ni namna ilivyofanya kazi: unabonyeza *150*00#, inakuja orodha, unachagua namba. Haihitaji intaneti wala kioo cha kugusa. Kitochi cha elfu ishirini na simu ya milioni tatu zinatuma hela ileile kwa njia ileile. Tigo, Airtel na baadaye Halotel wakafuata na namba zao zinazoanza na *150* hivyohivyo.

Jambo hilo dogo ndilo lililoamua mengi. Kwa kuwa hela haikumfunga mtu kwenye mfumo wowote, simu janja ilipofika ilikuja kufanya kazi nyingine kabisa. Ilikuja kwa ajili ya maongezi, na baadaye kwa ajili ya kuonekana.

BlackBerry: mapenzi yenye herufi mbili

Kati ya 2010 na 2013 hivi, mjini ukitaka kuheshimiwa ulishika BlackBerry. Curve ilikuwa ya mtoto wa chuo, Bold ya mtu anayejiweza. Watu walibandika PIN zao Facebook kama namba za nyumba. Kuwa na BBM kulikuwa sawa na kuwa na ufunguo wa geti ambalo wengine wanachungulia tu.

BBM ilileta pia presha mpya kwenye mahusiano. Meseji ikifika inaonyesha D. Ikisomwa inaonyesha R. Kwa mara ya kwanza mtu alijua kwa uhakika kwamba amesomwa na amepuuzwa. WhatsApp walileta tiki za bluu Novemba 2014, lakini machozi yalikuwa yameshaanza zamani.

Halafu ikafa haraka kuliko ilivyokuja. Bando lake lilikuwa la peke yake, na geti lilikuwa dogo. WhatsApp, iliyoanza 2009, ilikubali iPhone, Android, Nokia na hata BlackBerry yenyewe. BlackBerry walipokuja kufungulia BBM kwa Android na iPhone Oktoba 2013, washkaji walikuwa wameshahama. Mei 31, 2019 BBM ya watu wa kawaida ikazimwa. Simu haikuharibika, vibonye vilikuwa vizuri vilevile. Watu wa kuongea nao ndio walikuwa hawapo.

Android: simu ya kugawana

Android ilishinda Dar kwa sababu za kitaa kabisa. Kwanza bei. Hapo jirani Kenya, Safaricom walianza kuuza Huawei Ideos mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, na dunia ya simu ikajua kumbe mtu wa kawaida Afrika Mashariki yupo tayari kununua simu janja akipewa bei yake. Kariakoo haikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Pili, memori kadi. Miaka hiyo bando lilikuwa la kuhesabia, kwa hiyo muziki haukupakuliwa, uliwekwa. Unampelekea jamaa mwenye kompyuta kadi yako na hela kidogo, unarudi na nyimbo 300 za Bongo Fleva na filamu mbili. Kisha unamrushia mwenzio kwa Bluetooth au Xender bila kula bando la mtu. iPhone haina pa kuchomeka kadi, na kumtumia mwenye Tecno wimbo kwa Bluetooth haiwezi. Kwenye mji ambao kila kitu kinagawanwa, simu isiyogawa ilionekana ina roho mbaya.

Tatu, ujanja. Android inakubali programu kutoka nje ya duka rasmi, ndiyo maana GB WhatsApp ilisambaa mpaka kwa wasioijua maana yake: kuona status bila kuonekana, kusoma meseji iliyofutwa, kuficha kwamba upo hewani. Wengi walifungiwa namba na WhatsApp wenyewe, wakalia, wakairudisha tena.

Usiku wa Juni 16, 2016

Ubishi wote huo ulikuja kupigwa kofi na serikali. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba saa 6 usiku wa Juni 16, 2016 simu zote bandia zingezimwa. Watu walibonyeza *#06#, wakapata namba ya IMEI, wakaituma 15090 kusubiri hukumu. Kuna waliojibiwa kwamba Galaxy waliyojivunia nayo miezi sita haijulikani na Samsung.

Aibu ilikuwa kubwa, lakini somo liliingia. Baada ya hapo mnunuzi wa Mtaa wa Aggrey alianza kuuliza maswali kabla ya kutoa hela, na Tecno na itel halisi za bei ndogo zikapata heshima ambayo Samsung feki haikuweza kuipata tena. Afadhali jina dogo la kweli.

iPhone ilipita mlango wa Dubai

Apple haina duka lake hata moja Afrika. iPhone nyingi za Kariakoo zilikuja na wafanyabiashara kutoka Dubai, zikiwa zimeshatumika na mtu mwingine. Hata msamiati wake ni wa mtumba: used, full box, betri asilimia ngapi, iCloud ipo safi? Hilo la mwisho lina uzito. Tangu Septemba 2013 Apple waliweka ulinzi unaoifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, na aliyeuziwa iliyofungwa amenunua kioo cha kujitazamia.

Kilichoileta mjini ni Instagram. Programu hiyo ilianza kwenye iPhone Oktoba 2010, Android ikasubiri mpaka Aprili 2012. Snapchat nayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye Android inachukua picha ya kile kilichopo kwenye kioo badala ya kuitumia kamera yenyewe sawasawa, ndiyo maana picha zilitoka zimefifia. Kwa hiyo wanaosema "picha ya iPhone inajulikana tu" hawakuwa wanaringa bure. Msanii chipukizi, mpambaji wa maharusi, muuza wigi wa mtandaoni, wote kazi yao inaingia kupitia picha. Kwao simu ni fremu ya duka.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanaowacheka hawaifanyi. iPhone 6s ya mwaka 2015 ilipata toleo jipya la mfumo mpaka 2021. Android ya bei ndogo mara nyingi inaachwa baada ya mwaka au miwili. Na siku hela ikikata, iPhone inauzika siku hiyohiyo, au inawekwa bondi. Kwa kijana asiye na kiwanja wala akaunti yenye kitu, ile ni akiba inayoshikika.

Ila iPhone iliishi na ugonjwa uleule wa Nokia: laini moja. Septemba 2018 ndipo zilipotangazwa XS na XR zenye laini ya pili ya eSIM, na baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa soko la China zikawa na nafasi mbili za laini za kawaida. Mpaka hapo mji ulikuwa umeshapata dawa yake. Kitochi kikarudi. Laini ya M-Pesa na ya nyumbani inakaa kwenye kitochi, ambacho kibaka wa Msimbazi hakitaki na ambacho hakizimi katikati ya mgao. iPhone inakaa na bando na picha.

Nani analipia picha?

Pale ndipo penye shida ya kweli. iPhone mpya ya daraja la juu inapita milioni 3. Kijana wa saluni au wa duka la nguo Kariakoo anaweza kufanya kazi mwaka mzima asiione hela hiyo ikiwa pamoja. Basi anakopa, au anachukua ya mkopo ambayo akichelewa rejesho inafungwa kwa mbali, na siku hiyo wateja wake wa mtandaoni wanamkosa. Kama simu inaingiza, deni lina maana. Kama inapigwa picha kwenye kioo cha lifti tu, anayefaidi ni muuzaji na mkopeshaji.

Na kuna mabadiliko yanakuja taratibu. Mitandao inawavuta wateja watumie programu za simu janja kutuma na kulipa badala ya kubonyeza *150*00#. Programu hizo zinataka mfumo mpya na bando. Zikija kuwa njia kuu, mwenye Android iliyoachwa na kiwanda na mama mwenye kitochi watajikuta nje kwa pamoja. BBM ilipozimwa watu walipoteza maongezi tu, wakahamia kwingine. Safari hiyo kitakachobaki upande wa pili wa geti ni hela.