Neno la Kuandika Ukutani

Mswahili akikuta maneno "Ana Taban" ukutani mjini Juba, jicho lake huteleza kwanza. Hudhani kuna mtu "ana" kitu, na kitu chenyewe kimekatwa mwisho. Sivyo. Hicho ni Kiarabu cha Juba, na maana yake ni "mimi nimechoka". Lakini hilo taban ni letu pia: ndiyo taabani ya mgonjwa aliyezidiwa, ya hoi bin taabani. Wasanii vijana wa Sudan Kusini walijipa jina hilo mwaka 2016 walipokutana Nairobi, baada ya mapigano ya Julai kuitumbukiza tena Juba vitani. Kisha wakashika brashi na kuchora kuta za mji. Nawasifu kwa uteuzi wao wa neno. "Amani" ilikuwa midomoni mwa kila mwanasiasa. "Nimechoka" ni kauli ya mtu aliyelala nje.

Kuchora ukuta ni kazi ambayo wanafunzi wa shule yoyote wanaiweza. Ukuta unasuguliwa kwa msasa, unapakwa chokaa, picha inagawanywa miraba kwa chaki, na rangi ikauke kabla ya mvua za Aprili. Ugumu uko kwenye maandishi. Ukishachora mama na wanawe chini ya turubai, hao utawaita nani?

Ofisini watakuambia "watu wasio na makazi". Neno ni safi, na usafi huo ndio unaonitia shaka. Linasema kilichokosekana bila kusema kilikwenda wapi. Juba ina watu ambao nyumba yao ipo, ina mlango na mwembe uani, ila inakaliwa na mtu mwingine tangu vita vilipowatoa. Huyo ukimwita asiye na makazi umemsaidia aliyeingia. Hata maskani, neno zuri tulilopewa na Kiarabu, kamusi za Kiarabu huliweka chini ya mzizi mmoja na maskini, s-k-n. Anayepoteza la kwanza huangukia la pili upesi sana.

Basi tuseme wakimbizi? Sheria haikubali. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi akiwa nje ya nchi yake, kwa hiyo aliyehama kutoka Malakal hadi Juba hakuhesabiwa. Tukaongeza maneno mawili, "wa ndani", na Oktoba 2009 Umoja wa Afrika ukapitisha mkataba wake mjini Kampala kwa ajili ya watu hao. Mitaani Juba huitwa nazihin, neno la Kiarabu ambalo mzizi wake una maana ya kuwa mbali. Mkimbizi, kwa upande wake, amejengwa juu ya kitenzi kukimbia, kana kwamba kitendo kilikuwa chake.

Majina haya yana uzito wa mkataba. Desemba 2013, vita vilipozuka Sudan Kusini, maelfu ya watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, malango yakafunguliwa, na sehemu hizo zikaitwa Maeneo ya Ulinzi wa Raia. Septemba 2020 Umoja wa Mataifa ulianza kuzikabidhi kwa serikali, na zilizokabidhiwa zikawa kambi za wakimbizi wa ndani. Mahema yalikuwa yale yale na mifereji ile ile ya maji machafu. Neno "ulinzi" ndilo lililoondoka, na jukumu la kulinda likahamia kwa mwingine.

Majina ya mitaa mingi ya Juba huanza kwa neno hai: Hai Malakal, Hai Cinema, Hai Jebel. Kwa Kiarabu hayy ni mtaa, na pia ni kiumbe chenye uhai. Sisi tulichukua maana ya pili tukaiacha ya kwanza. Nimeipenda sana sadfa hiyo, kwa sababu mtu anayeulizwa Juba anakaa wapi mara nyingi hutaja hai fulani, na wa kambini hana hai ya kutaja.

Neno ninalolipendekeza halihitaji kamati ya istilahi. Watangazaji wa Kiswahili hulitumia kila siku: waliofurushwa makwao. Lina kauli ya kutendwa, kwa hiyo msomaji atauliza wamefurushwa na nani. Lina "makwao", kwa hiyo atajua kwamba watu hawa wana kwao na kwamba huko kuna anayepaswa kuondoka. Herufi zake zinatosha kwenye ukuta wa uzio wa shule na bado pakabaki nafasi ya picha.

Walimu wa Kiswahili wa Juba, na nyie wa Kakuma na Kampala mnaofundisha watoto wa Sudan Kusini, siku wanafunzi wenu watakapoomba rangi, wapeni na neno hili. Waandike kwa herufi kubwa, usawa wa macho ya mtu aliyeketi ndani ya gari la serikali.