Fulana na Chupi Mbele ya Hadhara

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha habari nilimvua nguo mtu mzima hewani. Habari ilitoka Marekani: tajiri mmoja alikuwa akizindua jengo lake, naye amevaa "vest" ya kijivu na "pants" nyeusi. Mimi na diploma yangu mpya sikufungua hata kamusi. Nikatafsiri fulana ya kijivu na chupi nyeusi, nikaisoma saa mbili usiku, tena kwa sauti nzito.

Simu zikalia. Mhariri wetu, mzee mpole, hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Kijana wangu, huyo tajiri hana mke wa kumwambia?"

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba Kiingereza cha Uingereza, nilichofundishwa shuleni, ndicho Kiingereza chote. Kwa Mwingereza "vest" ni fulana ya ndani na "pants" ni chupi. Kwa Mmarekani ya kwanza ni kizibao, ya pili ni suruali. Wamefikaje huko?

Septemba 1666 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya jiji la London. Mwezi uliofuata Mfalme Charles wa Pili alilitangazia baraza lake kwamba ataanzisha vazi jipya la kiume, nalo ni "vest", joho refu la kuvaliwa ndani ya koti. Samuel Pepys, ofisa wa mambo ya jeshi la majini, aliandika katika shajara yake ya Oktoba 8 kuwa nia ilikuwa kuwafundisha wakubwa kubana matumizi. Kubana matumizi kwa kushonesha nguo mpya! Hilo nawaachia wanauchumi.

Baadaye vazi hilo likafupishwa hadi kiunoni. Waingereza wakazoea kuliita "waistcoat", na "vest" ikaingia ndani zaidi hadi ikagusa ngozi. Wamarekani, waliojitenga na ufalme mwaka 1776, ndio walioshikilia neno la mfalme.

"Pants" nayo ilitoka jukwaani. Katika michezo ya kuigiza ya Italia ya karne ya 16 alikuwamo Pantalone, mzee bahili wa Venice, mwenye nguo ya miguuni ya kubana. Jina lake likapewa suruali, Waingereza wakasema "pantaloons", Wamarekani wakalikata mkia. Uingereza kile kipande kilichokatwa kikaishia chini ya suruali.

Lakini linalonifurahisha zaidi ni shati. Watu wa Skandinavia walipohamia mashariki mwa Uingereza katika karne ya 9, walikuja na neno lao la vazi ambalo wenyeji nao walikuwa na neno lake, na maneno hayo mawili yalikuwa ya ukoo mmoja. La wenyeji likabaki kifuani, likawa "shirt". La wageni likateremka kiunoni, likawa "skirt". Nasi Waswahili tukayapokea yote mawili, shati na sketi, tukampa moja baba na jingine mama, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Kesho yake nilisoma masahihisho: bwana yule alivaa kizibao na suruali. Msikilizaji mmoja wa Magomeni akapiga simu kuuliza kama ndani alikuwa na fulana.